Kichaka cha Shimba na Seli Zilizogoma

Ukitoka hapa Pongwe ukashika njia ya kaskazini, unapita Tanga mjini, unapita Amboni, unafika Horohoro mpakani, kisha unavuka na kuingia Lungalunga upande wa Kenya. Endelea kuelekea Kwale, utaona vilima vya kijani vimeinuka vikiitazama Bahari ya Hindi. Hiyo ndiyo Milima ya Shimba. Kwa ndege anayeruka moja kwa moja ni kama kilomita 100 tu kutoka Tanga. Wadigo wa huku wana ndugu zao kule. Kuna palahala, swala wakubwa wenye pembe ndefu zilizopinda kuelekea mgongoni, na kuna misitu yenye mimea ambayo wageni wamekuwa wakija kuitafuta kutoka mbali sana.

Hadithi yangu, wanangu, inahusu kichaka kimoja cha huko. Wanasayansi walikipa jina Maytenus buchananii. Si mti mrefu wa mbao wala hakina tunda la kupeleka sokoni. Lakini katika miaka ya 1970 walikuja watu waliotumwa na mpango wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, wakakusanya kilo 27,215 za kichaka hicho. Zaidi ya tani 27! Walimaliza karibu vichaka vyote vilivyokomaa mahali pale. Miaka minne baadaye walipohitaji mzigo mwingine, walihangaika kuupata, kwa sababu vichaka vilikuwa vimechipua kidogo mno.

Kwa nini watu wavuke bahari kuja kubeba tani za kichaka ambacho hata mbuzi wa jirani hakijali?

Walikuwa wanatafuta dawa ya saratani. Kuanzia mwaka 1960 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 taasisi ile ilipima spishi za mimea zipatazo 35,000 kutoka pande nyingi za dunia. Waliponda majani, magamba na mizizi, wakatoa maji yake, wakayajaribu juu ya seli za saratani. Mimea mingi haikuonyesha kitu. Lakini ndugu mmoja wa kichaka chetu, aliyechumwa Ethiopia mwanzoni mwa miaka ya 1960, alionyesha nguvu ya ajabu. Mwaka 1972 mkemia Morris Kupchan wa Chuo Kikuu cha Virginia na wenzake wakatangaza kwamba wameipata kemikali yenyewe. Wakaiita maitansini. Ndugu wa Ethiopia alikuwa nayo kidogo kabisa. Kichaka cha Shimba kilikuwa nayo zaidi. Ndipo safari ya kuja pwani yetu ikaanza.

Sasa sogeeni karibu, maana hapa ndipo penye utamu wa jambo lenyewe. Maitansini inafanya nini?

Mwili wako umejengwa kwa seli, vitu vidogo visivyoonekana bila hadubini. Unakua kwa sababu seli zako zinagawanyika: moja inakuwa mbili, mbili zinakuwa nne. Kabla ya kugawanyika, seli hunakili kwanza maelekezo yake yote yaliyoandikwa kwenye kromosomu, ambazo kwa binadamu ni 46, halafu inapaswa kuzigawa sawasawa, fungu moja huku na fungu moja kule. Kuzivuta kunahitaji kamba. Ninyi mmeona kamba ya mkonge inavyosokotwa: nyuzi fupi zinaunganishwa, zinashikana, zinakuwa kamba ndefu inayoweza kuvuta mzigo. Seli nayo husokota kamba zake kwa vipande vidogo vya protini iitwayo tubulini, kazi ikiisha huzifumua, ikihitaji tena husokota nyingine. Maitansini huing'ang'ania tubulini, vipande vikashindwa kuungana. Kamba haisokotwi. Kromosomu hazivutwi. Seli iliyokuwa katikati ya kugawanyika hukwama pale pale, ikafa.

Saratani ni nini? Ni seli za mwili wenyewe zilizoacha kusikia amri ya kusimama. Zinagawanyika, zinagawanyika, zinagawanyika. Kwa hiyo kitu kinachokata kamba za kugawanyikia huziumiza seli hizo sana. Lakini huumiza pia seli nzuri zinazogawanyika upesi: za utumbo, za nywele, za kutengeneza damu. Ndiyo maana mgonjwa anayetibiwa saratani mara nyingi hutapika na kupoteza nywele. Ukimwona mtu wa namna hiyo mtaani, usimcheke wala usimkimbie. Saratani haiambukizi kwa kukaa naye wala kwa kula naye sahani moja.

Turudi kwenye mzigo wa Shimba. Kilo moja ya kichaka kile ina kama miligramu 1 na nusu tu ya maitansini. Fanyeni hesabu. Kilo 27,215, hata kama wangekamua kila chembe bila kupoteza chochote, zingetoa kama gramu 40. Gramu 40 kwa tani 27! Msitu unafyekwa, na kinachopatikana kinaenea kwenye kiganja cha mtoto. Mimi nikiifikiria hesabu hii naumia, si kwa sababu kutafuta dawa ni kosa, bali kwa sababu njia ile isingeweza kuendelea hata miaka kumi.

Palitakiwa njia nyingine. Na njia hiyo kuna mtu aliyekuwa ameshaiota miaka mingi nyuma.

Mnalijua ua la Usambara? Lina majani yenye manyoya laini na maua ya zambarau, na leo limekaa madirishani katika nyumba nyingi za Ulaya na Marekani. Asili yake ni kwetu hapa, ndani ya nyufa za mawe ya chokaa na kwenye misitu ya Usambara. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, alilikuta karibu na Tanga akatuma mbegu nyumbani kwao. Sasa sikilizeni ajabu ya ua hilo. Ukichuma jani lake moja, ukachomeka kikonyo chake kwenye udongo wenye unyevu, baada ya wiki kadhaa panaota mche mzima, wenye mizizi, majani na baadaye maua. Jani halikuwa na mbegu. Mizizi imetoka wapi? Imetoka kwenye seli za jani. Kila seli ya jani lile ilikuwa imebeba maelekezo ya mmea wote, hata yale ya mizizi na maua ambayo yenyewe haiyatumii.

Mwaka 1902, mwaka uleule Wajerumani walipoanzisha kituo cha utafiti cha Amani kule juu Muheza, bwana mmoja wa Austria aitwaye Gottlieb Haberlandt alisema hivi: ikiwa kila seli ya mmea ina maelekezo yote, basi itawezekana kuitoa seli moja, kuilisha ndani ya chombo cha kioo, na kuiona ikikua. Alijaribu. Seli zake zilikaa hai, zikanenepa, lakini hazikugawanyika hata moja. Alikuwa na wazo sahihi ila hakuwa na chakula sahihi.

Mnajua chakula kilichosaidia kuzifungua seli kilikuwa nini? Maji ya nazi! Ndiyo, maji yale yale ya dafu mnayokunywa jua likiwa kali. Nazi changa ina mtoto wa mnazi ndani yake, na maji yake yamejaa homoni za kumwamsha mtoto huyo akue. Katika miaka ya 1950 Frederick Steward na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walitia vipande vya karoti kwenye maji hayo pamoja na chumvichumvi na sukari, wakavitikisa chupani. Seli zikagawanyika kwa fujo. Mwaka 1958 walionyesha kwamba seli za karoti zilizokuzwa hivyo zinaweza kurudi kuwa mmea mzima wa karoti.

Tangu hapo njia imenyooka. Mtaalamu hukata kipande kidogo cha jani au mzizi. Hukiosha kwa dawa ya kuua vijidudu, kwa sababu ukungu mmoja ukiingia utakula kila kitu. Hukilaza juu ya utelezi ulioganda uitwao agari, unaotengenezwa kwa mwani. (Si mwani mnaouona umetundikwa kwenye kamba baharini huku kwetu, ule hutoa utelezi mwingine, karajini, unaotiwa kwenye maziwa na dawa ya meno.) Ndani ya agari huwekwa sukari, madini, vitamini na homoni. Baada ya siku kadhaa kipande kinasahau kwamba kilikuwa jani, kinavimba na kuwa donge la seli lisilo na umbo. Ukibadili kipimo cha homoni, donge linatoa mizizi. Ukibadili tena, linatoa vichipukizi, na unapata mche. Pale kwenye kituo cha utafiti cha Mlingano, jirani zetu njia ya Muheza, wamekuwa wakizalisha hivyo miche ya mkonge, kwa kuwa mkulima anayesubiri vikonyo kutoka kwenye mlingoti au maotea kutoka shinani hupata miche kwa kuchelewa.

Lakini ukitaka dawa, huhitaji mche. Unalichukua lile donge, unalitia kwenye maji yenye chakula, unalitikisa. Seli zinaachana, zinaelea, zinaongezeka. Unazihamishia kwenye chombo kikubwa, kisha kikubwa zaidi, hadi tangi la chuma. Hakuna jua, hakuna udongo, hakuna mvua ya kusubiri. Ndani ya tangi kuna mmea usio na jani wala mzizi, seli tupu, na ukizikamua seli hizo unatarajia kupata kile ambacho kichaka kingekupa.

Mfano uliofaulu kuliko yote ni wa mti mmoja wa Marekani na Kanada uitwao yuu. Gamba lake lilichumwa kwa uchunguzi mwaka 1962, na mwaka 1971 Monroe Wall na Mansukh Wani wakatangaza umbo la kemikali waliyoipata humo: paklitakseli. Nayo inashughulika na kamba zile zile za seli, ila kwa njia iliyo kinyume: inazikaza zisifumuke. Susan Horwitz ndiye aliyeonyesha hilo mwaka 1979. Dawa ikakubaliwa Marekani mwishoni mwa 1992 kwa saratani ya mfuko wa mayai ya uzazi, baadaye na ya matiti. Tatizo ni kwamba yuu hukua polepole mno, na ukiuchuna gamba unakufa. Mgonjwa mmoja alihitaji gamba la miti kadhaa.

Ujerumani ikajengwa mitambo ya kukuza seli za yuu, matangi yakafika ujazo wa lita 75,000. Lakini seli zilizoshiba ndani ya tangi zina uvivu wake. Mmea haukutengeneza sumu kwa ajili yetu. Uliitengeneza kwa sababu hauna miguu ya kumkimbia mdudu anayeutafuna. Ndani ya tangi hakuna mdudu, basi seli hazioni sababu ya kuhangaika. Wataalamu wakazidanganya. Mmea unaotafunwa hutoa kemikali ya kengele, ya kuziambia seli zote zijiandae, na kemikali hiyo inaitwa methili jasmoneti. Iligunduliwa kwanza ndani ya mafuta ya asumini, naam, jamaa ya asumini hii wanayojipamba nayo mama zetu wa pwani. Ukidondosha kidogo kwenye tangi, seli za yuu zinadhani zimevamiwa, zinaanza kutengeneza paklitakseli kwa bidii. Mwaka 2004 kampuni ya Bristol-Myers Squibb ilipewa tuzo na serikali ya Marekani kwa kuacha kutegemea miti na kutumia seli za tangini. Leo dawa hiyo iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Msidhani kila mmea ulikubali. Tazameni uani kwenu, huenda kuna ua dogo lenye petali tano, jeupe au la pinki lenye jicho jekundu katikati, linaloota hata penye mchanga mtupu. Wengi huliita vinka. Asili yake ni Madagaska. Majani yake yametupa vinblastini na vinkristini, na vinkristini imekuwa nguzo ya tiba ya saratani ya damu kwa watoto tangu miaka ya 1960. Kupata gramu 1 ya vinblastini kunataka kama kilo 500 za majani makavu. Mngetarajia matangi yaokoe hapa pia. Haikuwa hivyo. Dawa hizo huundwa kwa kuunganisha kemikali mbili, na seli za vinka zikiwa tangini hutengeneza ile ya kwanza lakini ya pili zinaigomea, kwa sababu kazi ile hufanywa na seli za jani lililo jani kweli, kila aina ya seli na zamu yake. Donge lisilo na umbo halina zamu. Kwa hiyo mpaka sasa vinka hulimwa shambani, majani yakavunwa.

Na kichaka chetu cha Shimba je?

Nacho kilitiwa chupani. Wanakemia wa Vancouver, Kanada, walikuza seli za Maytenus buchananii na kuchapisha matokeo mwaka 1981. Seli zilikua vizuri, zikatoa kemikali nyingine za kuvutia. Maitansini, ile iliyofanya vichaka ving'olewe, haikupatikana kwa kiasi cha kufaa dawa. Na hospitalini mambo yalikuwa yamekwenda vibaya: wagonjwa waliojaribiwa waliharisha, walitapika na kupata maumivu ya neva kabla uvimbe wao haujapungua vya kutosha. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 maitansini ikawekwa kando.

Kwa nini seli ziligoma? Dokezo la jibu lilichelewa, na mimi nalipenda kuliko sehemu nyingine zote za hadithi hii. Mwaka 1977 watafiti wa kampuni ya Takeda, Japani, walikuta kemikali zinazofanana sana na maitansini. Hazikutoka kwenye mti. Zilitoka kwa bakteria walioishi juu ya jani la nyasi. Watu wakaanza kujiuliza: huenda hata vichaka vya Afrika si vyenyewe vinavyotengeneza sumu hiyo? Mwaka 2014 wanasayansi wa Ujerumani walichunguza mimea ya Afrika Kusini ya ukoo mmoja na kichaka cha Shimba, wakaonyesha kwamba mtengenezaji ni bakteria wanaoishi ndani ya mizizi. Mmea unawapa nyumba na chakula, wao wanaulinda. Sasa kumbukeni mtaalamu anavyoanza kazi: anaosha kipande kwa dawa ya kuua vijidudu! Kwa mimea hiyo, huenda aliyekuwa akiondolewa ili chupa zisiwe na vijidudu ndiye fundi mwenyewe.

Maitansini haikuishia kapuni. Wataalamu walifikiri hivi: ikiwa sumu hii ni kali mno kuachiwa izunguke mwilini, basi ifungwe kwenye kingamwili, protini inayojua kuitambua seli ya saratani na kuishika hiyo tu. Seli inameza kingamwili, sumu inafunguliwa humo ndani, kamba zinakatika. Februari 2013 Marekani ilikubali dawa ya namna hiyo, trastuzumabu emtansini, kwa aina moja ya saratani ya matiti. Kiini chake kinaanzia kwa wale bakteria wa Japani, wanaokuzwa matangini. Hakuna tena anayehitaji tani za vichaka kutoka Kwale. Lakini bila vichaka vile vya Afrika, pengine hakuna ambaye angejua cha kutafuta.

Jambo moja mnisikie vizuri, maana linahusu afya zenu. Mkisikia mtu anauza maji ya mmea fulani akisema yameua seli za saratani maabara, huenda hasemi uongo. Chumvi nyingi nayo huua seli kwenye kisahani cha maabara. Kutoka kisahani hadi dawa kuna kupimwa kwa wanyama, kisha kwa watu wachache, kisha kwa wengi, na mimea karibu yote huanguka njiani, kama maitansini yenyewe ilivyoanguka mara ya kwanza. Vinka ya uani ni sumu, usiitafune. Na mtu mwenye uvimbe usioisha aende hospitali mapema, Bombo hapo mjini, na wao ndio watakaoamua kama anahitaji kufika hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam.

Siku hizi mtafiti hawezi kuja Amani au Shimba na kuondoka na shehena kama ile ya miaka ya 1970. Mkataba wa Bayoanuwai wa mwaka 1992 ulitamka kwamba kila nchi ina mamlaka juu ya mimea inayoota kwake, na Itifaki ya Nagoya ya 2010 ikaeleza jinsi ya kuomba ruhusa na kugawana faida. Anayetaka kuchunguza mmea wa Usambara huomba kibali, huandika mkataba, hufanya kazi na wataalamu wa hapa. Kwa mimea ambayo seli zake zinakubali kukua chupani, anachohitaji kuchukua ni kipande cha jani. Kwa ile inayogoma, huenda ikabidi achimbe kidogo na mizizi yenyewe, amtafute fundi aliyejificha humo.